UZI: Daraja la Westminster, London – namna daraja moja lilivyouawa na kubomolewa kwa jingine

Mpimaji wa Ipogolo (mwanzisha uzi)

Kamwene wakuu,

Juma lililopita nilikuwa nimejibanza katika duka la vifaa vya ujenzi hapa Ipogolo nikisubiri mvua ipungue. Juu ya kaunta imetundikwa kalenda ya mwaka juzi, ambayo mwenye duka amekataa kuitoa kwa sababu ya picha yake: daraja la kijani lenye matao mapana, na nyuma yake mnara wa saa wa Bunge la Uingereza. Kijana mmoja fundi zege aliitazama kwa muda, kisha akasema, "Hawa walijenga 1750 na bado linasimama, sisi letu la kijijini halikumaliza vifuku vitatu." Watu walicheka. Mimi nilinyamaza, kwa sababu kauli ile ina kosa moja kubwa, na kosa lenyewe ndilo lenye faida kwetu.

Daraja lililo kwenye kalenda ile si la 1750. Lilifunguliwa tarehe 24 Mei 1862. Lile la 1750 lilikuwa la mawe, lilikuwa na matao makubwa 13 na madogo mawili, na halikumaliza miaka 115 kabla ya kuondolewa kabisa. Halikuangushwa na vita wala halikubomolewa na tetemeko. Lilianza kufa siku walipobomoa daraja jingine lililokuwa mbali nalo, upande wa chini wa mto. Nimefanya kazi ya upimaji kwa zaidi ya miaka thelathini katika mikoa hii yetu ya nyanda za juu kusini, na sijaona kisa kinachoeleza tabia ya maji chini ya nguzo kwa uwazi kuliko hiki. Kwa hiyo nitakieleza kwa urefu, kwa vipande, na mwenye swali aulize.

Nianze na mto. Mto Thames unapopita katikati ya London si kama Ruaha Mdogo wetu, ambao kifuku na kiangazi huenda upande mmoja. Thames hupokea maji ya bahari, nayo hujaa na kupwa mara mbili kwa siku. Siku za bamvua, tofauti ya kina kati ya kujaa na kupwa karibu na daraja la London hufika takribani mita saba. Mtu aliyezaliwa Iringa huchukua muda kuliamini jambo hilo, mto kurudi nyuma ulikotoka. Pamoja na ukubwa wa jiji lile, kwa zaidi ya miaka mia tano lilikuwa na daraja moja tu la kuvukia Thames, Daraja la London, lililoanza kujengwa 1176 na kukamilika 1209. Bunge na makao ya zamani ya wafalme yalikuwa Westminster, safari nzuri kwa mguu kutoka hapo kuelekea juu ya mto. Aliyetaka kuvuka mbele ya Bunge alipanda mashua, na mwenye farasi au gari alitumia kivuko kilichokuwa mali ya Askofu Mkuu wa Canterbury. Barabara iliyoelekea kwenye kivuko hicho hadi leo inaitwa Horseferry, yaani kivuko cha farasi.

Wazo la kujenga daraja Westminster lilitolewa 1664 likazimwa, likaibuka tena 1722 likazimwa tena.

---

Mwanjelwa Juu

Mkuu, kabla hujaendelea, naomba nisaidiwe hapo. Serikali yenyewe ipo kando ya mto, wabunge wenyewe wanalowa kwenye mashua, na bado daraja linazimwa mara mbili. Nani alikuwa na nguvu ya kulizima?

---

Mpimaji wa Ipogolo

Ni swali zuri, ndugu yangu wa Mbeya. Wapinzani walikuwa wawili. Wa kwanza ni wavushaji wa mashua, ambao walikuwa na chama chao chenye umri mrefu na walijua kwamba siku daraja litakapofunguliwa, makasia yao yatageuka kuni. Wa pili, aliyekuwa mzito zaidi, ni halmashauri ya mji wenyewe wa London, iliyomiliki Daraja la London na kunufaika na biashara iliyolazimika kupitia huko. Sisi tunaoishi kandokando ya barabara kuu ya Tanzania na Zambia hatuhitaji kuelezwa sana jambo hilo, maana kila mahali magari yanapolazimika kusimama huzaliwa soko la mahindi ya kuchoma na vitunguu, na anayependekeza barabara ya mchepuko hupata maadui kabla hajamaliza sentensi.

Kilichofungua njia ni daraja la mbao lililojengwa Putney, juu zaidi ya mto, mwaka 1729. Baada ya hapo ilikuwa vigumu kudai kwamba daraja la pili litaangamiza jiji. Mwaka 1736 Bunge likapitisha sheria ya kujenga daraja Westminster, na wavushaji pamoja na Askofu Mkuu wakalipwa fidia. Fedha za ujenzi zilitafutwa kwa bahati nasibu, watu wakinunua tiketi kwa tamaa ya zawadi. Bahati nasibu hazikuleta kilichotarajiwa, na hatimaye Bunge lenyewe lililazimika kutoa ruzuku. Binafsi sioni ajabu. Mtu hununua tiketi kwa ajili ya zawadi, hanunui kwa ajili ya nguzo.

Kazi ilianza 1739 chini ya mhandisi Charles Labelye, mzaliwa wa Uswisi. Hapa ndipo ninapoomba mafundi wasome polepole.

Njia iliyozoeleka ya kujenga nguzo mtoni ilikuwa kuzungushia eneo ukuta wa magogo, kuchota maji, kisha kujenga pakiwa pakavu. Katika mto unaopanda na kushuka kila siku, kazi hiyo ni ghali na ya hatari. Labelye alitumia njia nyingine. Aliunda sanduku kubwa la mbao lenye sakafu nene, ambalo wahandisi huliita keisoni, akalielesha hadi mahali pa nguzo, akalizamisha juu ya kitanda cha mto kilichochimbwa na kusawazishwa, na waashi wakajenga nguzo ya mawe wakiwa ndani yake. Nguzo ilipozidi kimo cha maji, kuta za sanduku zilifunguliwa na kutumika kwenye nguzo inayofuata, na sakafu ikabaki chini milele, ikiwa imebanwa na uzito wa mawe. Magogo ya kulinda eneo la kazi yalipigiliwa kwa mashine iliyozungushwa na farasi, iliyobuniwa na James Vauloué, ambaye kazi yake ya kila siku ilikuwa kutengeneza saa. Mtengeneza saa kubuni mashine ya kupigilia magogo! Nampenda mtu huyo bila kumjua.

Sasa angalieni kitako. Chini ya sakafu ile ya mbao hapakuwa na magogo yaliyopigiliwa kwenda kina. Labelye aliamini kwamba changarawe ya Thames ni ngumu ya kutosha, akaiweka nguzo juu yake moja kwa moja, kama mtu anavyoweka chungu juu ya mchanga uliosawazishwa kwa kiganja. Kwa uzito peke yake hakukosea sana. Changarawe iliyobanana hubeba mzigo mkubwa mradi tu ibaki mahali pake.

---

Binti wa Mafinga

Shikamoo Mzee. Nimesoma kwa makini. Naomba kujua kama dalili ilionekana mapema au daraja lilikaa salama hadi hilo jingine lilipobomolewa.

---

Mpimaji wa Ipogolo

Marahaba binti. Dalili ilionekana kabla hata daraja halijafunguliwa. Mwaka 1747, wakati kazi inakaribia mwisho, nguzo moja ilianza kuzama na matao yaliyokaa juu yake yakapasuka. Ilibidi matao hayo yavunjwe. Nguzo iliyozama walibebesha vyuma vizito kwa makusudi ili imalize kuzama mbele ya macho yao, badala ya kuzama baadaye ikiwa na watu juu. Kisha matao yakajengwa upya yakiwa na uwazi ndani yake ili kupunguza uzito. Njia ya kubebesha mzigo ili msingi utulie bado tunaitumia, na kwenye udongo laini wa mabondeni nimewahi kusimamia tuta la barabara lililokaa na kifusi cha ziada kifuku kizima kabla ya kuwekewa tabaka la juu. Kwa sababu ya nguzo hiyo moja, ufunguzi ulisogea hadi tarehe 18 Novemba 1750.

Dalili ya pili haikutokea Westminster. Ilitokea kwenye Daraja la London, na karibu ninaipenda kuliko kisa chenyewe. Daraja lile la kale lilikuwa na matao 19 membamba, na kila nguzo ilikuwa imezungushiwa jukwaa la magogo na mawe lenye umbo la mtumbwi ili kuilinda. Majukwaa yalikula nafasi kubwa ya mto, hata maji yakalazimika kupenya kwenye vichochoro. Maji ya bahari yalipokuwa yanapwa, upande wa juu maji yalisimama zaidi ya mita moja juu ya upande wa chini, na kupita kati ya nguzo kwa mashua ilikuwa kama kuteremka maporomoko. Abiria wenye busara walishuka kabla ya daraja, wakatembea kwa miguu, wakapanda mashua tena mbele. Kwa maneno mengine, lilikuwa daraja na pia bwawa, ingawa hakuna aliyekusudia kujenga bwawa. Upande wa juu, ambako Westminster ipo, maji yalikwenda taratibu kiasi kwamba katika baridi kali mto uliganda, na watu wakafanya gulio juu ya barafu. Mara ya mwisho kufanya hivyo ilikuwa 1814.

Mnamo 1759 waliondoa nguzo moja ya katikati ya Daraja la London na kuweka tao moja pana mahali pa mawili, ili vyombo vipite vizuri. Maji yaliyokuwa yamebanwa yakapata mlango. Yakakimbilia hapo kwa nguvu, yakaanza kuchimba kitanda cha mto pembeni mwa nguzo zilizobaki. Wakamwita mhandisi John Smeaton. Wakati huo malango ya kale ya mji yalikuwa yamebomolewa na mawe yake kuuzwa, na Smeaton akawashauri wayanunue tena mawe hayo na kuyatupa mtoni haraka kuziba shimo. Wakafanya hivyo. Malango ya mji yakaishia chini ya maji yakizuia daraja lisianguke.

Kwa hiyo walioamua kubomoa daraja lote baadaye walikuwa wameonyeshwa, kwa tao moja tu, maji hufanya nini yakifunguliwa.

---

Mwalimu wa Zamani, Iringa

Ndugu Mpimaji, nakushukuru. Niongeze upande wa majengo ya serikali, kwa kuwa nilifundisha historia na jambo hili wanafunzi walikuwa wakilikumbuka hata baada ya kusahau mengine yote. Usiku wa tarehe 16 Oktoba 1834 sehemu kubwa ya Bunge la Uingereza iliteketea. Chanzo kilikuwa vijiti vya hesabu. Kwa karne nyingi hazina ya Uingereza ilitunza kumbukumbu za madeni kwa kukata alama kwenye vijiti vya mbao na kuvipasua vipande viwili, kimoja kwa mdai na kingine kwa mdaiwa. Utaratibu ulipofutwa, vijiti vikabaki shehena, na ikaamuliwa vichomwe katika majiko yaliyokuwa chini ya ukumbi wa Malodi, yaani wajumbe wa Bunge wasiochaguliwa kwa kura. Vilichomwa kwa wingi kupita kiasi, na jengo likafuata. Wangewagawia wakazi maskini wapikie, historia ya usanifu wa London ingekuwa nyingine.

Jengo jipya lilibuniwa na Charles Barry akisaidiwa na Augustus Pugin, lenye minara na nakshi za ncha kali. Daraja la Labelye, ambalo lilikuwa la mtindo tofauti na tayari linapinda, likajikuta jirani na jumba jipya. Nafikiri aibu hiyo ya macho nayo ilisukuma uamuzi wa kujenga upya, ingawa kwako wewe mhandisi kila jambo ni maji tu.

---

Mpimaji wa Ipogolo

Mwalimu, nakubali kwamba macho yalikuwa na kura yake, na nitarudi huko. Lakini maji yalipiga kura kwanza.

Daraja jipya la London lililobuniwa na John Rennie lilifunguliwa tarehe 1 Agosti 1831, likiwa na matao matano mapana. Daraja la kale lililokuwa kando yake likaanza kubomolewa, pamoja na majukwaa yake yote. Bwawa ambalo hakuna aliyelikusudia likatoweka baada ya kukaa zaidi ya miaka mia sita. Sasa maji yalipokupwa yaliteremka kwa kasi na kushuka chini zaidi kuliko zamani, na yalipojaa yalipanda bila kizuizi. Kitanda cha Thames upande wa juu kilikuwa kimezoea maji ya taratibu, na changarawe yake ilikuwa imekaa kwa kipimo cha maji yale ya taratibu. Kasi ilipoongezeka, changarawe ilianza kusafiri. Nguzo za Labelye zilikuwa zimekaa juu ya changarawe hiyohiyo, bila magogo chini yake. Daraja la Blackfriars, lililofunguliwa 1769, nalo liliumia kwa sababu hiyohiyo.

Wakatumia fedha nyingi kuzungushia misingi na kuikarabati, na katika miaka ya 1840 wakapunguza mzigo wa juu kwa kuondoa kingo nzito za mawe, lakini nguzo ziliendelea kutulia. Nimeona katika maisha yangu ya kazi kwamba mtu akianza kupunguza kingo za daraja ili lisizame, amekwisha kukubali moyoni kwamba atajenga jingine.

Kazi ya daraja jipya ilianza katika miaka ya 1850, mhandisi akiwa Thomas Page. Lilijengwa nusu kwa nusu kwa upana, ili watu waendelee kuvuka, na ndivyo tunavyofanya hata sasa tunapopanua daraja kwenye barabara kuu, upande mmoja magari na upande mwingine nondo. Barry alishauri kuhusu nakshi, ndiyo maana daraja linafanana na Bunge. Hapo Mwalimu amepata haki yake. Lina matao saba ya chuma, urefu wa takribani mita 252 na upana wa mita 26. Lilifunguliwa siku ya kuzaliwa kwa Malkia Victoria, akiwa katika maombolezo ya mumewe aliyefariki Desemba 1861. Rangi ya kijani inafuata viti vya ukumbi wa wabunge wa kuchaguliwa, ambao upo upande wa daraja hilo. Daraja la Lambeth lililo upande wa pili wa jumba limepakwa rangi nyekundu, kwa kufuata viti vya Malodi.

---

Kijana wa Makambako

Mimi ndiye niliyesema maneno yale dukani, au mwenzangu kabisa, maana tulikuwa watatu na sote tulikubaliana. Ninakubali kosa la tarehe. Swali langu: hilo daraja la Rennie, lililosababisha maafa yote hayo, bado lipo?

---

Mpimaji wa Ipogolo

Lipo, ila halipo London. Nalo lilianza kuzama, likauzwa 1968 kwa mfanyabiashara wa Marekani aitwaye Robert McCulloch, na mawe yake ya nje yakasafirishwa hadi Lake Havasu City katika jimbo la Arizona, ambako yalivikwa juu ya daraja la zege. Lilijengwa kwenye nchi kavu kwanza, kisha wakachimba mfereji upite chini yake.

---

Mwanjelwa Juu

Hiyo ya mwisho imenifurahisha kuliko zote. Lakini Mkuu, nirudi kwenye majengo. Upande wa pili wa mto kutoka Bunge nimeona kwenye picha jengo kubwa la mviringo upande wa mbele. Hilo nalo ni la serikali?

---

Mpimaji wa Ipogolo

Lilikuwa la serikali ya jiji. Linaitwa County Hall, lilifunguliwa 1922, na baraza lililotawala London lilikaa humo hadi lilipofutwa 1986. Kwa hiyo kwa zaidi ya miaka sitini daraja hilo liliunganisha serikali mbili zilizokuwa zikitazamana, na katika miaka ya mwisho zilikuwa hazielewani hata kidogo. Siku hizi humo mna hoteli na hifadhi ya samaki wa maonyesho. Tangu shambulio la Machi 2017, ambapo gari liliendeshwa makusudi juu ya waenda kwa miguu wa daraja lile, kuna vizuizi kati ya barabara na njia ya miguu.

---

Binti wa Mafinga

Mzee, naomba niseme kisa cha kwetu, kisha uniambie kama kinafanana.

Kijijini kwetu Mufindi kuna daraja dogo la zege, nguzo moja katikati na kuta mbili za pembeni. Lilijengwa nikiwa darasa la tatu. Mama yangu mdogo ana kinyungu chake karibu nalo, kwa hiyo kila kiangazi tulikuwa tukishinda pale tukimwagilia mboga. Zamani maji yalipokuwa machache tuliweza kukaa juu ya zege la chini ya nguzo, miguu ikagusa mchanga. Kisha matipa yalianza kuja kuchota mchanga kwenye kona ya mto, mbali kiasi upande wa chini, mahali ambapo hata sauti ya koleo haisikiki ukiwa darajani. Kila mtu alisema hakuna shida kwa sababu hawachoti penye daraja. Mwaka wa pili tukikaa pale miguu ilikuwa inaning'inia. Mwaka wa tatu mdogo wangu aliweza kuingiza mkono wote hadi kwapani chini ya zege lile, akatoa kaa. Kifuku kilichofuata ukuta mmoja wa pembeni uliinama, na sasa magari yamekatazwa, ila pikipiki zinapita.

---

Mpimaji wa Ipogolo

Binti, kinafanana kuliko unavyodhani. Shimo linalochimbwa kwenye kitanda cha mto halikai pale lilipochimbwa. Maji yanayoingia shimoni huteremka kwa kasi kwenye ukingo wake wa juu, yanaumega ukingo huo, na ukingo unarudi nyuma hatua kwa hatua kuelekea juu ya mto, kifuku baada ya kifuku, hadi ukutane na kitu kigumu. Kitu kigumu huwa ni nguzo ya daraja. London waliondoa kizuizi upande wa chini, kwenu wameondoa mchanga upande wa chini, na katika hali zote mbili waliosimama darajani waliangalia nguzo na kuona haijaguswa na mtu. Ule mkono wa mdogo wako hadi kwapani ni kipimo sahihi kuliko taarifa nyingi nilizowahi kusoma. Mwambie asiingize tena. Si kwa ajili ya kaa, bali kwa ajili ya ukuta ulioinama.

Kwa hatua za karibuni, mawe makubwa yaliyofungwa kwenye nyavu za waya, yaani magabioni, yapangwe kuvuka mto mzima upande wa chini wa daraja, kama kizingiti cha mlango, yashike mchanga unaotaka kuondoka. Hayo ndiyo malango ya Smeaton kwa bei yetu. Lakini matipa yakiendelea, magabioni yatazama kama nguzo ya Labelye. Pikipiki nazo zisimamishwe.

---

Kijana wa Makambako

Mzee, wenzangu wawili wapo tayari kupanga mawe, tumefanya hivyo kwenye makorongo ya barabara ya Njombe. Kinachotakiwa ni waya na ruhusa ya kijiji. Binti wa Mafinga, upana wa mto hapo darajani ni hatua ngapi?

---

Binti wa Mafinga

Nimekwenda leo asubuhi na kamba ya mama mdogo ya kuanikia nguo. Ni hatua kumi na nne za mtu mzima kutoka ukuta hadi ukuta. Nilifunga fundo kwenye kamba na kuishusha kando ya nguzo: kutoka chini ya zege hadi mchanga ni urefu wa mkono wangu na shubiri moja. Mwenyekiti wa kijiji amesema tumfuate Jumamosi, baada ya mnada.